Vifungo Saba

Tukuyu haina haraka ya kuanua nguo.
Mvua ya Machi hukaa kama mgeni aliyesahau kwao,
inakunywa chai, inalala, inaamkia palepale uani,
na taulo niliyoifua Jumatatu
Alhamisi bado inadondoka nyuma ya mlango.

Ilikuwa moja. Ya buluu. Ya watoto saba.
Naikumbuka kwa pua:
maziwa yaliyochacha, kamasi, uji wa ulezi.

Na nilikuwa najisifu!
Dumu langu la kuchirizisha maji, kamba ya kukanyaga,
sabuni ndani ya soksi isiyo na mwenzake.
Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha,
tunahesabu mpaka ishirini,
Gwakisa akiiruka kumi na tatu kila siku
kana kwamba inamdai.
Kisha mikono kumi na minne iliyotakata
inapanga foleni
kwenda kujipaka upya uchafu wa jana.

Jicho la kwanza lilikuwa la Tumpe.
Liliamka limegandana.
Kesho yake Ambilikile, yote mawili.
Kufika Ijumaa nilihesabu macho mekundu tisa
na la kumi likawa langu.
Muuguzi wa zahanati hakunigombeza.
Aliniuliza tu, akifunga daftari:
"Wanajifutia nini?"

Swali fupi.
Lilipanda nami kilima chote kwenye utelezi,
likavua viatu mlangoni kama mtu.

Usiku ule nilichana shuka.
La maua ya zambarau, la harusi yangu,
nililomtunzia mgeni ambaye hakuwahi kuja.
Kipande cha saba kilitoka na doa la chai;
nikakikubali hivyohivyo.
Kusoma hawajui, majina yangewasaidia nini?
Nikamwaga kopo la vifungo mkekani.

Chekundu, cha blauzi: Tumpe.
Cha mbao: Ambilikile, aliyekijaribu kwanza kwa meno,
nikakirudia kwa uzi wa gunia.
Cha shaba, cha koti la mgambo: Gwakisa.
Baba yake alipokiona alicheka hadi akakohoa:
"Mwanangu umempa kifungo cha miaka mingapi?"
Cheusi kikubwa chenye matundu manne
kilitoka kwenye koti la marehemu mume wangu.
Hicho nimempa Subi, mdogo kuliko wote.
Sikueleza.

Kukausha ndiyo kazi. Jua hatuna, tuna jiko.
Jioni vinachemka, vinakamuliwa,
vinaning'inia juu ya moto, kila kimoja na msumari wake
ili bega la hiki lisiguse bega la kile.
Asubuhi napitisha pasi ya mkaa.
Watoto wangu wananuka moshi wa mkaratusi,
na mama Anyisile, anayewahi shamba la chai,
alilisema hilo na mengine:
"Elfu moja kwa siku, halafu na vitambaa?
Si wajifute kwenye sketi kama sisi tulivyokua?"

Sikumjibu. Mwanawe alimjibu.

Jumapili, kwenye chakula cha ubatizo,
mtoto amenawa, amesimama katikati ya watu
mikono juu kama mwizi aliyekamatwa,
maji yanamshuka hadi viwikoni.
Amekataa pindo la kitenge cha mama.
Amekataa leso ya mchungaji, na leso ile ilipigwa pasi.
"Nataka cha kifungo cha kijani!"
Wali ukapoa. Akaipunga mikono hewani
mpaka ikakauka yenyewe, ndipo akaketi.

Leo alfajiri mama yake amenijia na mwavuli uliovunjika mbavu.
Hakusema ndaga, hakusema samahani.
Ameniwekea kiganjani kifungo cheupe, kidogo,
bado kina uzi.
"Mdogo wake anaanza wiki ijayo," akasema,
akashuka na mvua yake.

Shuka limekwisha.
Nimekaa hapa naitazama foronya.